Mtengeneza zana za gazeti naye ana dhamana ya habari

Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya watumishi wa umma na walimu.



Jumatatu tarehe 8 Septemba, 2008, hisa za shirika la ndege la United la Marekani zilianguka katika muda wa dakika chache kutoka zaidi ya dola 12 hadi karibu dola 3. Hapakuwa na ndege iliyoanguka, wala mdai aliyekwenda mahakamani, wala mgomo wa marubani. Sababu ilikuwa habari moja iliyosema kwamba shirika hilo limefilisika na limeiomba mahakama ilikinge dhidi ya wadai wake. Habari hiyo haikuwa ya uongo, ila ukweli wake ulikuwa wa mwezi wa Desemba, 2002, na shirika lenyewe lilikuwa limekwisha kutoka katika ufilisi huo tangu mwaka 2006.

Namna habari hiyo ilivyofufuka yafaa isimuliwe taratibu. Ilikuwa imelala katika hifadhi ya tovuti ya gazeti la South Florida Sun-Sentinel, lililomilikiwa na kampuni ile ile yenye gazeti la Chicago Tribune, ambalo ndilo lililoiandika habari hiyo hapo awali. Usiku wa manane wa kuamkia Jumapili, saa ambayo wasomaji wa habari za biashara ni wachache mno, idadi ndogo kabisa ya watu walioifungua ilitosha kuiingiza katika orodha ya habari zinazosomwa zaidi. Programu ya kampuni ya Google, ambayo huzunguka usiku na mchana kusoma kurasa za mtandao, ilipita hapo, ikakuta kiungo ambacho haikupata kukiona kabla, ikaufungua ukurasa na kutafuta tarehe. Tarehe iliyokuwapo ilikuwa ya siku ile ile, iliyowekwa juu ya ukurasa kama ilivyo desturi ya magazeti. Programu ikaihesabu habari kuwa mpya. Siku ya pili yake mtu mmoja wa kampuni ya taarifa za uwekezaji akaikuta katika Google, akaitia muhtasari wake katika huduma ya habari ya Bloomberg. Yaliyobaki yalifanywa na hofu ya wanunuzi na kompyuta zao. Biashara ya hisa hizo ikasimamishwa, ukweli ukajulikana, na jioni bei ikawa imerudi karibu dola 11. Waliouza kwa dola 3 hawakurudishiwa kitu na uwongofu huo wa jioni.

Baada ya hapo ugomvi ukaanza. Kampuni yenye gazeti ilisema kwamba programu ya Google haikuweza kupambanua habari mpya na habari ya zamani. Google ikajibu kwamba ukurasa ule haukuwa na tarehe ya habari yenyewe. Kila upande ulikuwa na sehemu yake ya ukweli. Lakini lipo swali ambalo halikupata kelele kama ule ugomvi: ni nani aliyeamua kwamba habari ikiingia hifadhini isionyeshe siku iliyozaliwa? Hakuwa mwandishi, kwani mwandishi alifanya kazi yake sawasawa mwaka 2002. Hakuwa mhariri wa siku ile, kwani hakuna mhariri aliyeigusa. Uamuzi huo ulikuwa ndani ya kiolezo cha ukurasa, na kiolezo hutengenezwa na mtu. Yamkini mtu huyo hakujua hata kidogo kwamba alikuwa akiamua jambo.

Huyo ndiye anayehusika na mazungumzo ya leo.

Masijala isiyolala

Katika vyumba vya habari vya siku hizi mtu huyo huitwa mhandisi wa programu, na akishakaa kazini miaka ya kutosha na kukabidhiwa dhamana ya mfumo mzima huitwa mhandisi mwandamizi. Haandiki habari. Hutengeneza zana ambazo kwazo habari huandikwa, huhaririwa, hutiwa picha na kichwa, huidhinishwa na kutolewa. Yeyote aliyepata kufanya kazi masijala ataelewa upesi. Jalada hutoka meza moja kwenda nyingine; wapo wanaoruhusiwa kuandika dokezo, wapo wanaoruhusiwa kutia sahihi, na karani wa masijala anajua jalada liko kwa nani na tangu lini. Mfumo wa uchapishaji wa gazeti ni masijala ya namna hiyo, ila majalada yake ni mengi kila siku, na sahihi ya mwisho haipeleki karatasi kabatini. Huipeleka mbele ya macho ya mamilioni ya watu kwa nukta moja.

Wengi hudhani kwamba mhandisi mwandamizi huandika programu mchana kutwa. Kwa hakika kadiri cheo kinavyopanda ndivyo uandishi wa programu unavyopungua. Sehemu kubwa ya siku yake huisoma kazi ya wenzake walio chini yake, mstari kwa mstari, kabla haijaruhusiwa kutumika, kama vile mhariri anavyosoma habari ya mwandishi kijana. Huketi na wahariri kuwasikiliza. Huandaa njia ya kurudi nyuma endapo toleo jipya la mfumo litaharibika usiku wa uchaguzi. Na aghalabu kazi yake ngumu kuliko zote ni kukataa. Mhariri wa michezo anataka kisanduku kimoja zaidi katika fomu ya kuandikia habari; mhariri wa uchumi anataka viwili; idara ya matangazo inataka vitatu, navyo viwe vya lazima. Kila kimoja kina sababu nzuri. Lakini mwandishi aliye mbele ya ajali ya barabarani, simu mkononi, akizuiwa na mfumo asiihifadhi habari yake mpaka ajaze kisanduku asichokihitaji, atajaza nukta, au herufi moja tu, apate kupita. Kuanzia hapo hifadhi ya gazeti imejaa nukta, na hakuna ajuaye lipi ni jibu na lipi ni uchovu. Watumishi wa umma wanaijua hali hiyo kuliko watu wengine wowote, maana wamejaza fomu nyingi na wamezipokea nyingi zaidi.

Kwa sababu hiyo si sahihi kusema kwamba mhandisi ni fundi wa mabomba tu, anayeitwa panapovuja. Anapoamua kwamba habari iwe na tarehe moja au tatu, kwamba masahihisho yakae juu ya habari au chini yake, kwamba jina la mwandishi liwe la lazima au la hiari, anafanya kazi ya uhariri. Tofauti yake na mhariri ni kwamba mhariri huamua juu ya habari moja, naye huamua juu ya habari zote zitakazopita humo kwa miaka mingi, na jina lake halionekani mahali popote.

Wakati wa risasi

Zamani dhamana hiyo ilikuwa na sura iliyoonekana. Mashine ya Linotype, iliyobuniwa na Ottmar Mergenthaler, Mjerumani aliyehamia Marekani, ilianza kutumika katika gazeti la New York Tribune mwaka 1886. Mpanga chapa alibonyeza vitufe, na mashine ikatoa mstari mzima wa risasi iliyoyeyushwa. Watu hao walizoea kusoma herufi zilizogeuzwa, na makosa mengi ya waandishi yaliishia mikononi mwao kabla hayajafika kwa msoma prufu.

Vitufe vya mashine hiyo vilipangwa kwa kufuata wingi wa matumizi ya herufi katika Kiingereza, hivyo safu mbili za kwanza zilisomeka ETAOIN SHRDLU. Mpanga chapa alipokosea katikati ya mstari hakuweza kufuta. Risasi haina kifutio. Alichofanya ni kupitisha vidole juu ya safu hizo mbili ili mstari ujae upuuzi dhahiri, na mwenzake atakayeuona autupe. Mara kwa mara mstari kama huo ulipenya hadi gazetini, na wasomaji wakajiuliza SHRDLU ni nani. Kichekesho hicho kina jambo la maana ndani yake. Watu wale walikuwa wamejitengenezea, kwa mashine isiyosamehe, namna ya kumwambia anayefuata kwamba hapa pana kosa. Mashine yenyewe haikuwapa alama hiyo. Desturi ya kazi ndiyo iliyowapa.

Katika gazeti la New York Times usiku wa mwisho wa risasi ulikuwa wa tarehe 1 Julai, 1978, na gazeti la siku ya pili yake likawa la mwisho kutengenezwa kwa namna hiyo. David Loeb Weiss, msoma prufu wa gazeti hilo, aliupiga filamu usiku huo, akaipa filamu yake jina la zile safu mbili za herufi. Kompyuta zilipoingia, mashine zilitolewa, lakini maarifa ya wale watu hayakuwa na jalada la kuhamishiwa. Mengine yaliingia katika programu kwa sababu yupo aliyeuliza. Mengine yalipotea, na huenda desturi ya kuiweka tarehe karibu na habari yake ni mojawapo.

Walioketi chumba kimoja na waandishi

Upo mfano wa waliouliza. Katika mji wa Lawrence, jimboni Kansas, ambao una chuo kikuu na gazeti lake la siku nyingi, Lawrence Journal-World, vijana wawili, Adrian Holovaty na Simon Willison, walianza mwaka 2003 kujitengenezea zana za kuendesha tovuti za gazeti hilo. Kilichowatofautisha na wenzao wa makampuni makubwa ya kompyuta ni mahali walipoketi na muda waliopewa. Waliketi na watu wa habari, na kazi zao zilitakiwa kwa saa au kwa siku, kufuatana na matukio, kama kazi ya mwandishi yeyote.

Kutokana na hali hiyo waligundua jambo ambalo baadaye linaonekana rahisi. Tovuti ya gazeti ina milango miwili: mlango wa wanaotia habari na mlango wa wanaosoma. Mlango wa kwanza unafanana karibu kila mara: fomu, orodha, ruhusa ya nani abadilishe nini. Basi wakaitengeneza zana yao kwa namna ambayo mhandisi akikwisha kueleza habari ni kitu gani, kwamba mgombea ana jina, chama, jimbo na kura, fomu za wahariri hujitengeneza zenyewe. Waandishi huanza kujaza matokeo saa ile ile, huku wahandisi wakiendelea kuupamba ukurasa wa wasomaji. Hakuna anayemngoja mwenzake. Mwezi wa Julai, 2005, zana hiyo ilitolewa bure kwa yeyote atakayeitaka, ikapewa jina la Django kwa heshima ya mpiga gitaa Django Reinhardt. Leo inaendesha tovuti nyingi zisizo na uhusiano wowote na magazeti, na Instagram ilianza kazi juu yake. Inafaa ikumbukwe kwamba ile sehemu yake inayopendwa zaidi, zile fomu zinazojitengeneza, ilizaliwa kwa haraka ya gazeti la mji mdogo.

Mwaka 2006 Holovaty aliandika kwamba magazeti yanaharibu mali yao kwa kuimwaga kila habari kama fungu moja la maneno. Alitoa mfano wa moto uliounguza nyumba. Moto huo una tarehe, mahali, walioathirika na kituo cha zimamoto kilichokwenda. Vitu hivyo vikihifadhiwa kila kimoja mahali pake, mwaka ukiisha gazeti linaweza kueleza mitaa ipi huungua zaidi na msaada huchukua muda gani kufika. Vikiachwa ndani ya aya, vimekufa. Ilikuwa miaka 2 kabla ya mkasa wa hisa za United. Na mwaka 2007 gazeti la St. Petersburg Times la Florida lilianzisha PolitiFact, tovuti iliyojengwa kwa zana hiyo hiyo ya Django, ambamo kila kauli ya mwanasiasa ilihifadhiwa pamoja na jina la aliyeisema na hukumu ya ukweli wake. Mwaka 2009 kazi hiyo ilipewa tuzo ya Pulitzer.

Gazeti kubwa nalo lilikuja na dawa yake. Mwaka 2017 wahandisi wa New York Times walieleza jinsi walivyoiweka kila habari iliyotolewa na gazeti hilo tangu mwaka 1851 katika daftari moja lenye kufuata mpangilio, ambalo mifumo yote mingine hulisoma. Mtunza hesabu anaifahamu kanuni yake. Katika daftari la hesabu kosa halifutwi kwa wembe. Huandikwa mstari mpya unaolirekebisha, na mkaguzi akija anaona vyote viwili. Habari iliyosahihishwa mara tatu ina mistari minne. Na endapo ukurasa mpya au mfumo mpya wa utafutaji utajengwa kesho, husomeshwa daftari tangu mwanzo, pasipo kumtegemea mtu akumbuke kilichokuwapo.

Kitufe

Hata hivyo, chumba cha habari kina vitu ambavyo lazima vihifadhiwe na lazima visitolewe. Taanzia ni mfano mkubwa. Vyombo vya habari huandika taanzia za watu mashuhuri wakiwa bado hai, kwa sababu maisha ya miaka 80 hayaandikiki kwa saa moja. Hakuna ubaya katika hilo. Lakini maana yake ni kwamba ndani ya mfumo kuna watu wengi waliokwisha kufa kwenye karatasi, wakitenganishwa na dunia na alama moja inayosema rasimu.

Tarehe 27 Agosti, 2008, shirika la Bloomberg lilitoa kwa bahati mbaya taanzia ya Steve Jobs, aliyefariki tarehe 5 Oktoba, 2011. Lakini hilo lilikuwa jina moja. Tarehe 16 Novemba, 2020, Redio Ufaransa ya Kimataifa, RFI, ambayo wasikilizaji wa Kiswahili wanaijua kwa matangazo yake ya lugha hii, ilitoa katika tovuti yake taanzia za watu wapatao 100 kwa mkupuo. Malkia Elizabeth wa Uingereza alikuwamo, na mcheza kandanda Pelé, na Jimmy Carter aliyepata kuwa rais wa Marekani, wote wakiwa hai. Kutoka hapo zilikwenda moja kwa moja katika kurasa za washirika kama Google na Yahoo. RFI iliomba radhi na kuzifuta. Ilikuwa katika kazi ya kuhama kutoka mfumo mmoja wa uchapishaji kwenda mwingine.

Kila mhandisi mwandamizi aliyepata kuhamisha hifadhi ya gazeti alisoma taarifa hiyo na kutokwa jasho. Kuhama ni kazi isiyo na sifa. Mfumo wa zamani una maneno yake na mfumo mpya una yake. Huenda wa zamani una hali tano za habari na mpya una tatu tu. Lazima yupo anayeamua kwamba ile hali ya nne, ambayo wahariri wawili tu waliielewa, igeuzwe kuwa nini. Mara nyingine hali hiyo haikuandikwa mahali popote. Ilikuwa desturi, kama ile ya ETAOIN SHRDLU. Wahariri walijua tu kwamba habari yenye alama fulani katika kichwa chake haiguswi. Kompyuta haikuambiwa.

Dawa ya mambo haya si siri na haihitaji akili ya ajabu. Uhamisho hufanywa kwanza katika mfumo wa majaribio usio na mlango wa kutokea nje. Rasimu huhamishwa peke yake, mwisho, na milango ya kuelekea kwa washirika imefungwa. Mhariri wa taanzia huitwa aketi karibu na mhandisi na aulizwe: kipi hapa hakitakiwi kutoka? Linalohitajika ni muda. Na muda ndio ambao mkuu aliyekwisha kutangaza siku ya uzinduzi hataki kuutoa. Hapo mhandisi mwandamizi hupimwa, kwa kuwa ndiye pekee katika chumba hicho anayejua kwamba jambo halijawa tayari, na kusema hivyo hakumpatii pongezi.

Mtihani wa namna hiyo sasa umekuja kwa mlango mwingine. Mwezi wa Januari, 2023, ilijulikana kwamba tovuti ya CNET ya Marekani imekuwa ikitoa makala za fedha zilizotungwa na programu ya akili bandia. Zilikuwa 77. CNET ilizikagua, na 41 kati yake zikahitaji masahihisho. Makosa yenyewe, mengine ya hesabu ya riba, yalizungumzwa sana. Lililozungumzwa kidogo ni kisanduku cha jina la mwandishi. Makala hizo zilibeba jina la wafanyakazi wa idara ya fedha, na ili msomaji ajue kwamba mwandishi alikuwa mashine, ilimbidi abonyeze jina hilo maelezo yafunguke. Maelezo yalikuwapo, ila yaliwekwa mahali ambapo msomaji wa kawaida hana sababu ya kwenda. Pana mtu aliyechora ukurasa huo, akapima nafasi, akaamua maelezo yafichwe chini ya jina. Kama aliuliza au hakuuliza, ukurasa ulitoka.

Nani ni mtu wa gazeti?

Kama mhandisi ana dhamana ya habari, basi swali la haki zake haliwezi kukwepwa. Historia imelijibu kwa njia mbili zinazopingana. Huko New York, wapanga chapa ambao walikuwa wamegoma kwa siku 114 mwaka 1962 na 1963, walifanya mkataba mwaka 1974 chini ya kiongozi wao Bertram Powers: wenye magazeti ya New York Times na Daily News waliruhusiwa kuingiza kompyuta, na wapanga chapa waliokuwapo wakahakikishiwa ajira kwa maisha yao yote. Kwa ajili hiyo usiku ule wa Julai 1978 ulikuwa wa huzuni lakini haukuwa wa njaa. Huko London mambo yalikwenda kinyume. Mwezi wa Januari, 1986, kampuni ya Rupert Murdoch iliyahamishia magazeti yake manne katika jengo jipya la Wapping, lililokwisha kuwekwa kompyuta kwa siri; wafanyakazi wapatao 6,000 waliogoma wakafukuzwa, na mapambano nje ya lango hilo yakadumu zaidi ya mwaka mmoja. Zana zilikuwa za namna moja. Kilichotofautiana ni nani aliulizwa kabla hazijaingia.

Wahandisi waliorithi kazi ya wapanga chapa walichukua muda mrefu kujihesabu kuwa wafanyakazi wa gazeti. Wengi walijiona wapita njia, leo gazetini, kesho benki. Mwezi wa Machi, 2022, wafanyakazi wa teknolojia wa New York Times walipiga kura ya kuunda chama chao, 404 wakakubali na 88 wakakataa. Tarehe 4 Novemba, 2024, siku moja kabla ya uchaguzi wa rais wa Marekani, zaidi ya 600 kati yao waligoma kwa muda wa wiki moja. Wapo waliowacheka: tovuti haikuzimika, matokeo yalitoka. Kicheko hicho hakikuwa na maana, kwa sababu mfumo uliojengwa vizuri ndio unaoweza kusimama wiki moja bila waliouunda, na kusimama kwake kulikuwa ushahidi wa ubora wa kazi yao. Madai yao yalihusu mshahara, mahali pa kufanyia kazi, na kutofukuzwa pasipo sababu ya haki. Mwezi wa Desemba mwaka huo walipata mkataba wao wa kwanza.

Dai hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Mhandisi anayeweza kuondolewa kesho bila maelezo hatasimama mbele ya mkuu wake kusema kwamba uhamisho uahirishwe, au kwamba maelezo ya akili bandia yatolewe mafichoni. Mhariri amekuwa na kinga za desturi yake kwa miaka mingi. Mwenzake wa zana amezianza juzi tu.

Imebaki sehemu ya walimu, nayo si ndefu. Kompyuta zinazidi kuingia katika madarasa, na zoezi linalopendwa ni kumwambia mwanafunzi atengeneze ukurasa wa habari wenye kichwa, jina la mwandishi, tarehe na maelezo. Wengi watauleta ukurasa huo umepambwa kwa rangi, na watastahili alama zao. Lakini endapo mwanafunzi mmoja atanyoosha mkono kabla ya kuanza na kuuliza ni tarehe ipi inayotakiwa, ya tukio, ya kuandikwa, ya kutolewa, au ya kusahihishwa, mwalimu asimwambie aache kupoteza wakati wa wenzake.